Andikeni Jina la Aliyefunga

Mathe anafunga nzi. Nilipokuwa kampasi nikisema hivyo watu walicheka, wengine wakidhani ni mambo ya waganga. Basi nieleze mapema. Nzi ninayemzungumzia ni ndoano ndogo iliyovishwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama na uzi wa kung'aa, ili samaki akimwona majini amdhanie kitu hai. Wazungu wengine wanaovua kwa starehe hawatumii minyoo. Wanatumia nzi hawa, na nzi wengi hufungwa kwa mkono hapa Kenya. Mathe huwafunga katika karakana moja Viwandani, ng'ambo ya Jogoo Road ukitokea kwetu Maringo. Kazi hiyo ameifanya tangu nikiwa darasa la tatu. Nzi wake huvua Uskoti, Norwe na Marekani. Yeye mwenyewe hajawahi kushika fimbo ya kuvulia.

Mimi naandika. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo naishi kwa kuandika vitu vya watu wengine: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, ushauri wa meno kwa kliniki zilizo katika miji nisiyoijua. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Mathe hulipwa kwa dazeni.

Mwaka jana kazi zetu mbili zilikutana mezani, na tangu siku hiyo sijatulia.

Ilikuja oda kutoka kwa mteja wa ng'ambo. Alitaka maelezo 40 ya nzi wa kuvulia samoni na paiki, maneno 80 kila moja, kwa siku tatu. Picha alizituma. Nilifungua laptopu usiku, mathe akiwa anasonga ugali, nikaanza kuzipitisha moja moja. Nilipofika picha ya tisa au ya kumi akaja nyuma yangu na mwiko mkononi, akasema, "Huyo ni wangu."

Nikacheka. Nikamuuliza amejuaje, na nzi wa aina moja wote hufanana.

"Angalia kichwa," akasema.

Kichwa cha nzi ni pale uzi unapomalizikia, karibu na tundu la ndoano, halafu panapakwa vanishi. Mathe akanionyesha jinsi chake kinavyokuwa kidogo na kirefu kama mbegu ya mpunga. Akaendelea kuangalia. Huyu si wake, ni wa mama wa meza ya dirishani, ambaye huzungusha uzi mara moja zaidi kuliko inavyotakiwa. Huyu ni wa kijana mgeni, bawa limeegemea kushoto. Huyu ni wake. Huyu pia. Kati ya picha 40 alitambua wake saba, na nyingine zaidi ya kumi akanitajia waliozifunga, kwa majina, kama mwalimu anayejua hati za wanafunzi wake. Ugali ukaungua kidogo.

Halafu nikarudi kusoma maagizo ya mteja. Mstari wa mwisho ulisema nisitaje vilikotengenezwa. Mahali pa kutaja niandike tu kwamba vimefungwa kwa mkono na mafundi bingwa.

Nikaandika hivyo. Mara 40. Mafundi bingwa, mafundi bingwa. Aliyefunga alikuwa upande huu wa meza akila ugali, aliyeandika alikuwa upande ule, na kwenye bidhaa hapakuwa na jina la yeyote kati yetu. Nikalipwa, nikanunua tokeni za stima, nikanyamaza.

Sasa sinyamazi. Dai langu ni moja: pakiti ya nzi aliyefungwa Nairobi iandikwe jina la mtu aliyemfunga. Jina la nchi halitoshi, na maneno "mafundi bingwa" hayatoshi kabisa. Jina la mtu.

Najua utasema ni jambo dogo. Basi nikupe habari za majina ya nzi, maana kwa siku tatu nilizisoma mpaka macho yakawa mekundu.

Katika karne ya 19 aliishi Mskoti mmoja aliyekuwa mtumishi wa uvuvi wa bwana mkubwa aliyeitwa Lord John Scott. Kazi yake ilikuwa kumhudumia bwana huyo mtoni. Mtumishi huyo alibuni nzi wa samoni mwenye manyoya ya ndege wengi, mgumu kumfunga, na mpaka leo nzi huyo anaitwa Jock Scott, kwa jina la mtumishi. Bwana mkubwa hakupewa nzi. Yuko mwingine anaitwa Willie Gunn: mwili mweusi, uzi wa dhahabu umeuzunguka, na bawa la nywele za njano, za rangi ya chungwa na nyeusi zilizochanganywa. Willie Gunn alikuwa mlinzi wa mto Brora, kaskazini mwa Uskoti. Yuko Ally's Shrimp, na Ally ni Alastair Gowans, Mskoti aliyembuni. Halafu, shikilia kiti, yuko nzi anaitwa Garry Dog. Garry alikuwa mbwa wa kasisi. Nywele zake zilitumika kutengeneza bawa, na kwa kazi hiyo ya kunyolewa jina lake limebaki mpaka leo kwenye maduka ya uvuvi.

Mtumishi ana jina. Mlinzi ana jina. Mbwa ana jina.

Na sisi? Yuko nzi maarufu anaitwa Kenya Bug. Ni mdudu mweusi wa kuvulia trauti, hata vitabu vya nje vinamtaja. Jina la nchi limo, la mtu halimo. Ni kama nchi nzima ilikaa chini ikafunga nzi mmoja.

Tena hapa Nairobi tunajua vizuri majina hubakia kwa nani. Trauti hawakuwa samaki wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliwaleta kutoka Loch Leven, Uskoti, wakawekwa katika mto Gura kule Aberdare. Walowezi walitaka kuvua kama kwao, na mvuvi wa trauti lazima awe na nzi. Huyo Grogan ndiye aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Jiji likampa barabara. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina zamani ikawa Kirinyaga Road, lakini kesho gari la mjomba wako likiharibika utamsikia anasema, "Wacha niende Grogan nitafute speya." Aliyechapa watu bado anatajwa kila siku na makanika ambao babu zao angeweza kuwachapa. Mathe amefunga nzi miaka zaidi ya 15, na hakuna karatasi hata moja duniani, nje ya orodha ya mishahara, inayosema kwamba amewahi kufunga.

Nataka uielewe kazi yenyewe kabla hujaniambia ni kibarua cha mikono. Ndoano hubanwa kwenye vaisi ndogo. Uzi huanza karibu na tundu na kurudi nyuma hadi kwenye kona, ukilaliana bila kupandana. Mkia hufungwa, mwili huzungushwa, uzi wa dhahabu hupita juu yake kwa nafasi zilizo sawa. Manyoya ya jogoo huzungushwa yasimame kama ndevu. Bawa huja mwisho, na hapo ndipo wengi hushindwa, maana nywele zikizidi nzi huzama vibaya na zikipungua huonekana mtupu. Kisha kichwa, fundo la kumalizia, vanishi. Ukivuta uzi kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa unakatika, na unaanza upya kwa muda wako mwenyewe.

Halafu kila samaki ana mambo yake. Paiki ana mdomo bapa kama wa bata, umejaa meno. Hukaa amejificha kwenye majani ya maji akisubiri apite wa kuliwa. Nzi wake ni mkubwa, anaweza kufika sentimita 20, mwenye nywele ndefu zinazopumua majini, na mbele yake hufungwa kipande cha waya wa chuma kwa sababu uzi wa kawaida paiki ataukata mara moja. Mvuvi humvuta nzi, anatulia, anamvuta tena, na mara nyingi paiki hupiga pale kwenye utulivu. Mathe aliwahi kuniletea nzi wa paiki aliyekataliwa na mkaguzi. Tulijaza karai maji pale nje karibu na bomba, nikamvuta kwa uzi wa kushonea. Nywele zikafunguka na kujikunja kama kitu kinachoogelea. Watoto wa ploti wakakimbia, wengine wakapiga kelele. Mathe akakaa kwenye ndoo akiangalia bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi yake ikifanya kazi.

Samoni ni hadithi tofauti. Samoni wa Atlantiki akirudi mtoni kutoka baharini kwenda kutaga, haendelei kula. Tumbo lake limefunga duka. Kwa hiyo nzi wake haigi chakula. Kazi yake ni kumchokoza. Mvuvi hutupa nzi kuvuka mto kwa mshazari, mkondo unamzungusha mpaka afike ukingoni, mvuvi anasogea hatua moja, anatupa tena. Mto ukiwa umejaa na baridi hutumia nzi mkubwa na mzito. Maji yakipungua na kupata joto hutumia mdogo sana, mwembamba. Nilimsomea mathe haya usiku ule. Akauliza, "Sasa kama hana njaa anauma ya nini?" Nikamwambia wanasema labda hasira. Akasema, "Maskini. Anashikwa kwa sababu ya hasira za nyumbani kwake."

Mtu anayejua yote hayo kwa vidole, bila kuwahi kuona samaki mwenyewe, halafu wewe unamwita asiye na ujuzi kwa kuwa hana cheti? Mimi nina nusu ya digrii na sijui kufanya kitu chochote kwa usahihi huo.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana nimewasikia tayari.

Wa kwanza ni mathe mwenyewe. Nilipomwambia wazo langu alinitazama kwa huruma. "Baba, jina nitalipikia sufuria gani?" Anataka bei ya dazeni ipande. Ni swali la haki, na sitalijibu kwa mashairi. Nzi mmoja wa samoni huuzwa Uingereza pauni 2 au 3, wa paiki zaidi ya hapo. Kukodi sehemu nzuri ya mto Tweed kwa siku moja katika msimu mzuri hugharimu mamia ya pauni, na wengi wakishamshika samoni humrudisha majini akiwa hai. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba pesa hazipo kwenye biashara hii. Zipo. Malipo ya mathe kwa dazeni nzima hayanunui nzi wawili kati ya hao 12 dukani.

Na kwa nini hawezi kudai zaidi? Kwa sababu anaweza kubadilishwa kesho asubuhi na mnunuzi asijue. Hiyo ndiyo kazi ya maneno "mafundi bingwa". Fundi bingwa akiumwa, akifa, akigoma, fundi bingwa mwingine anakaa kwenye kiti chake na pakiti haibadiliki hata herufi. Lakini mvuvi wa Uskoti akishashika samoni watatu kwa nzi wa mtu fulani wa Nairobi, akamwambia mwenzake, na mwenzake akaliulizia jina hilo dukani, basi huyo mtu hawezi kuondolewa kimyakimya. Jina ndilo linalopandisha bei ya dazeni. Mathe anajua hivyo, ila hajawahi kuliona likitumika kwake. Pale Maringo hatununui chapati tu, tunanunua chapo za mama fulani, na akiongeza shilingi tano bado tunapanga laini.

Wa pili ni wale wa usimamizi. Mmoja aliwahi kuwaambia akina mathe kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yaani ukiwataja watavimba kichwa na kazi itaharibika. Nimeifikiria methali hiyo sana. Mgema wa methali alisifiwa kwanza. Hawa hawajasifiwa hata siku moja, na tembo lao halijawahi kutiwa maji. Sasa huo woga umetoka wapi? Methali ninayoijua mimi kuhusu vidole ni nyingine: chanda chema huvikwa pete.

Wa tatu ni wasee wa rika langu, na hawa ndio wananiudhi. Ni wale wanaosema shukuru kuna kazi, kuna watu wanatafuta hata hiyo. Ndiyo, wapo, nimekuwa mmoja wao. Lakini shukrani haijawahi kuwa sababu ya mtu kufutwa. Mbona kwenye nganya hamsemi hivyo? Matatu mpya ya 58 ikitoka kuchorwa, kabla wiki haijaisha kila mtoto wa Buruburu anajua nani aliichora. Mchoraji huweka sahihi yake, na mwenye gari analipa zaidi kwa sababu ya sahihi hiyo. Hakuna anayemwambia mchoraji ashukuru kuna rangi. Eastlands tunajua sana thamani ya jina la fundi. Tunaisahau tu kazi inapokuwa ya mama zetu na mteja anapokuwa mbali.

Na mimi je? Kuna mtu ataniuliza kama nataka jina langu kwenye yale maelezo 40. Nijibu kwa ukweli. Kuna kazi nilizowahi kuandika ambazo sitaki jina langu liwe karibu nazo. Niliwahi kuandika insha za wanafunzi wa vyuo vya nje, wakaziwasilisha kama zao. Huo ulikuwa udanganyifu na niliuacha, ingawa uliwahi kulipa kodi yetu ya nyumba miezi mingi. Kule kukosa jina kulinificha mimi na mwenye kununua. Lakini mathe hafichi chochote. Hakuna anayedanganywa kwa kujua kwamba nzi wake amefungwa Nairobi na mwanamke wa Maringo. Anayetaka lisijulikane ana sababu zake, na sababu hizo zina uhusiano na bei.

Sisemi tuzisusie karakana. Zikifungwa, mathe hana kazi na mimi sina ugali. Mvuvi wa Uskoti naye hana kosa. Nimesoma jinsi wanavyowazungumzia nzi wao na kwa kweli wanawapenda, na wangefurahi kujua. Ninayotaka yanaweza kuanza Jumatatu. Kikaratasi kidogo ndani ya pakiti: amefungwa na fulani, Nairobi. Haligharimu kitu, wino upo tayari kwenye lebo. La pili, fundi akibuni nzi mpya, na wanabuni, nimewaona, aitwe kwa jina atakalochagua yeye. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za watu wa Kenya, na ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama. Iko taasisi ya serikali inayosajili miundo ya viwandani. Haya yote yaliandikwa kwa ajili ya watu kama akina mathe, na wao ndio wa mwisho kuambiwa.

La tatu linatuhusu sisi tunaoandika. Ukipewa kazi ya kuelezea kitu na unamjua aliyekitengeneza, jaribu kumtaja. Mimi nilijaribu, kwa kuchelewa. Oda ya pili ilipokuja kutoka kwa mteja yuleyule, nzi 15 wa paiki, niliandika kwenye maelezo ya kwanza kwamba amefungwa Nairobi na fundi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 15. Sikuweka hata jina. Jibu lilirudi baada ya saa moja: ondoa sentensi hiyo. Nikauliza kwa nini. Oda ya tatu haijaja mpaka leo.

Utakuwa umegundua kwamba sijaandika jina la mathe popote hapa. Nilitaka liwe ndiyo sentensi ya kwanza. Nilimsomea rasimu jioni moja akiwa ameloweka vidole kwenye maji ya moto yenye chumvi, maana baridi ya Julai humkaza viungo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wakubwa wa karakana wanasoma magazeti ya intaneti. Nikamwambia huenda wanasoma. Akasema basi jina langu litoe, baba, nina wiki mbili sijalipwa.

Nimelitoa. Yule mbwa wa kasisi bado anaitwa Garry.